Okestra Isiyocheka: Mashabiki na Muziki wa Wild Wild West

Nimeombwa nizungumzie muziki wa filamu, nami nimechagua filamu ambayo wapenzi wengi wa sinema wakiitajiwa hukunja uso. Wild Wild West ilitoka Marekani siku ya mwisho ya Juni 1999. Mwongozaji wake, Barry Sonnenfeld, alikuwa ametamba miaka miwili nyuma na Men in Black, na nyota alikuwa yuleyule, Will Smith. Safari hii alivishwa kofia ya kauboi na kupewa mwenzake, Kevin Kline, wamsake mwanasayansi mwovu mwaka 1869. Fedha zilizomwagwa zilipita dola milioni 150. Mwaka uliofuata filamu hiyo ilizoa tuzo tano za Razzie, zile wanazotunukiwa waliovurunda kuliko wote, ikiwamo ya filamu mbaya kuliko zote. Robert Conrad, aliyeigiza kama Jim West katika tamthilia ya televisheni iliyozaa filamu hii, alikwenda mwenyewe kupokea tuzo hizo, ili ulimwengu ujue jinsi alivyochukizwa.

Hapo ndipo habari ingekwisha. Lakini wapo watu ambao mpaka leo hawajaacha kubishana juu ya filamu hii, na wanachobishania ni muziki wake wa okestra. Ulitungwa na Elmer Bernstein, akiwa na umri wa miaka 77. Huyu ndiye aliyeandika muziki wa The Magnificent Seven mwaka 1960. Kwa mashabiki wa muziki wa filamu, mzee huyu kurudi kwenye nyika za makauboi lilikuwa tukio kubwa, hata kama filamu yenyewe haikuwa na thamani ya tikiti. Nimewasikiliza kwa makini watu hawa na mabishano yao, na ninawaheshimu. Naamini wanagombania jambo la msingi kabisa katika sanaa ya vichekesho: je, okestra inakiamini kile inachokipiga, au nayo imeanza kucheka pamoja na watazamaji?

Turudi kwanza mwaka 1960, kwa sababu bila hapo hakuna cha kubishania. Mwongozaji wa The Magnificent Seven, John Sturges, alikuwa ameichukua hadithi ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954, ya wanakijiji wanaokodi wapiganaji saba wawalinde dhidi ya majambazi, akaihamishia Mexico na kuwapa wapiganaji bastola badala ya panga. Bernstein alipoiangalia aliona tatizo: filamu ilikuwa inakwenda polepole. Wapanda farasi wanatembea tu, watu wanazungumza kwa kusitasita, jua linawaka. Mtunzi mwingine angeufuata mwendo huo. Yeye akaandika muziki unaokwenda kasi kuliko picha. Sikilizeni ule mwanzo. Okestra nzima inapiga mapigo mazito yaliyokatwa, mdundo unaangukia mahali ambapo sikio halikuutegemea, kisha mdundo huohuo unabaki chini ukisukuma bila kuchoka huku fidla zikiinua lahani pana, ndefu, isiyo na haraka hata kidogo. Chini watu wanakimbia, juu anga limetulia. Mtazamaji kwenye kiti chake anahisi farasi wanakwenda shoti, ilhali kwenye picha wanatembea.

Sauti ile ya nyika haikuzaliwa nyikani. Bernstein alikuwa mtoto wa New York, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alipelekwa kwa Aaron Copland, mwana New York mwingine, apimwe kipaji chake, na Copland akamtafutia mwalimu. Copland ndiye aliyewafundisha Wamarekani namna Magharibi yao inavyopaswa kusikika, kwa muziki wa dansi za jukwaani za Billy the Kid mwaka 1938 na Rodeo mwaka 1942: sauti zilizoachiana nafasi, midundo iliyovunjwavunjwa, nyimbo za wachunga ng'ombe zilizofumwa ndani ya okestra. Kisha Jerome Moross akaipeleka sauti hiyo kwenye sinema kwa The Big Country, mwaka 1958. Bernstein akaongeza midundo ya Mexico na nguvu ya misuli. Miaka michache baadaye lahani ile ilikuwa kwenye matangazo ya sigara za Marlboro, ikajulikana hata na watu ambao hawakuwahi kuiona filamu. Tuzo ya Oscar hakuipata. Mwaka ule ilichukuliwa na Ernest Gold kwa Exodus.

Basi kuanzia hapo mtu akitaka kuchekesha kwa makauboi anakuta sauti ipo tayari, na kila mtu anaijua. Swali ni namna ya kuitumia.

Mwaka 1974 Mel Brooks alitengeneza Blazing Saddles, kichekesho cha makauboi kisichomheshimu mtu yeyote. Alihitaji mwimbaji wa wimbo wa ufunguzi mwenye sauti kama ya Frankie Laine, aliyeimba nyimbo nyingi za kikauboi miaka ya 1950. Akajitokeza Frankie Laine mwenyewe. Akauimba wimbo ule kwa moyo wake wote, kwa hisia nzito, akidhani ni wa filamu ya kauboi ya kweli. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Na ndiyo maana wimbo ule unachekesha mpaka leo: aliyeuimba aliuamini. Angejua, angekonyeza jicho, na wimbo ungekufa palepale.

Sisi tunalijua jambo hili kutoka kwenye utani wa msibani. Mtani anakuja, anajilaza ndani ya kaburi, anadai alipwe kabla marehemu hajazikwa, na watu wanacheka huku machozi yakiwatoka. Utani ule una nguvu kwa sababu msiba ni wa kweli na wafiwa wanaendelea kuomboleza. Kama wafiwa nao wangeanza kufanya vituko, kusingebaki msiba wala utani.

Bernstein aliufikia ukweli huu akiwa mtu mzima, na mlango ulifunguliwa na rafiki wa mwanawe. John Landis alikuwa kijana aliyekua pamoja na Peter Bernstein. Alipokuwa akiongoza Animal House, iliyotoka mwaka 1978, kichekesho cha wanafunzi wa chuo walioshindikana, alimwendea baba wa rafiki yake akamwomba aandike muziki kana kwamba vijana wale walevi wamo katika tamthilia nzito. Mzee alishangaa, kisha akaelewa. Mwaka 1980 akafanya vilevile kwa Airplane!: ndege inayumba, abiria wanafanya upuuzi usiomithilika, na okestra inatetemeka kwa hofu ya kweli. Waongozaji wa filamu wakamng'ang'ania. Muongo mzima wa 1980 ukawa wa vichekesho, Stripes, Ghostbusters na vingine, hata mwenyewe akachoka, akaanza kutafuta filamu ndogo za simanzi kama My Left Foot.

Kilele cha njia hiyo, kwa maoni yangu, ni ¡Three Amigos! ya mwaka 1986, iliyoongozwa pia na Landis. Mnaikumbuka hadithi yake? Waigizaji watatu wa sinema za kimya wanafukuzwa kazi na studio. Wakati huohuo mwanamke wa kijiji kimoja cha Mexico ameona filamu yao akidhani ni habari za kweli, na anawapelekea simu ya maandishi waje kukiokoa kijiji na majambazi. Wao wanadhani wameitwa kufanya onyesho. Wanafika na mavazi yao ya kumetameta, wanaimba, wanapiga risasi za bandia. Mpaka mmoja wao anapigwa risasi mkononi, anatazama damu, na anaelewa kwamba risasi za wenzao ni za moto.

Hadithi yenyewe ni The Magnificent Seven iliyogeuzwa, na aliyepewa kazi ya kuiandikia muziki ni yuleyule wa mwaka 1960. Angeweza kujidhihaki. Angeweza kuipotosha lahani, kuifanya tarumbeta ichechemee, kuingiza ngoma za sarakasi. Badala yake aliandika muziki wa mashujaa kwa moyo mmoja, mpana na mng'avu, kana kwamba wale watatu ndio mashujaa waliosubiriwa na kijiji. Na kadiri filamu inavyoendelea, mtazamaji anagundua kuwa okestra ilikuwa sahihi kuliko waigizaji wenyewe. Wao hawakujua kuwa wangeweza kuwa majasiri. Muziki ulijua tangu mwanzo. Hicho ni zaidi ya kichekesho kizuri. Mashabiki wanaoipenda kazi hii wanaipenda kwa upole fulani, karibu kama watu wanaomtetea ndugu yao, nami ni miongoni mwao.

Sasa tufike 1999, tukiwa na hayo masikioni.

Mashabiki wa muziki wa filamu ni watu wa pekee. Wananunua diski kwa ajili ya jina la mtunzi, hata kama nyota wa filamu hawamjali. Wanajua nani aliongoza okestra na nani alipanga ala. Kuhusu Wild Wild West walijikuta hawasikilizani. Wapo walioupokea kama zawadi. Hawa wanasema: baada ya miaka mingi bila makauboi, mzee amerudi, na bado mkono wake haujatetemeka. Pembe za shaba zinang'ara, fidla zinakimbia vilevile, na mtu akifumba macho anaweza kusahau kabisa kwamba kwenye picha Will Smith amevaa nguo za mcheza ngoma wa kike. Kwa hawa, filamu ni kosa la wengine. Muziki umesimama peke yake.

Wapo wanaosema mzee alijirudia. Tulishausikia mdundo huu mwaka 1960, wanasema, tukausikia tena katika The Hallelujah Trail mwaka 1965, na katika ¡Three Amigos!; sasa ni mara ya ngapi? Shutuma hii inaniuma, lakini siitupi. Nadhani wamesikia vizuri, wakakosea kutaja sababu. Mtu aliyeiunda lugha hawezi kulaumiwa kwa kuizungumza. Lakini katika ¡Three Amigos! kujirudia kulikuwa na kazi: muziki wa mashujaa wa zamani uliwekwa juu ya watu ambao si mashujaa, na nafasi kati ya viwili hivyo ndiyo iliyobeba filamu nzima. Katika Wild Wild West nafasi hiyo haipo. Picha yenyewe haimwamini mtu. Kila kitu ni mzaha: treni iliyojaa mitego, watu wawili wanaokimbia kwenye shamba la mahindi wakiwa na mikanda ya sumaku shingoni, na buibui wa chuma mwenye urefu wa futi 80 anayetembea jangwani kwa nguvu ya mvuke. Okestra inapoleta uzito wake, hakuna kitu kizito upande wa pili cha kushikana nacho, wala hakuna mtu mdogo wa kuinuliwa. Msiba haupo, basi utani unaelea.

Na wapo wanaochukizwa na vionjo vya kisasa vilivyotiwa hapa na pale ndani ya muziki ule wa kimapokeo. Filamu inachanganya nyakati makusudi, kwa hiyo muziki nao ulitakiwa uchanganye. Hapa nasimama upande wa wanaolalamika. Bernstein hakuwa mgeni wa muziki wa mjini. Mwaka 1955 alishtua Hollywood kwa jazi ya The Man with the Golden Arm, na jazi ile ilikuwa ndani ya damu ya hadithi, habari ya mpiga ngoma aliyenaswa na dawa za kulevya. Katika Wild Wild West vionjo vya kisasa vinasikika kama sharti la ofisi fulani. Muziki unapumua vizuri zaidi pale vinapoondoka, na nyika ikabaki peke yake na farasi.

Liko jingine ambalo mashabiki wa kambi zote wanakubaliana: wimbo uliufunika muziki. Will Smith alitoa wimbo wenye jina la filamu, uliojengwa juu ya mdundo wa wimbo wa Stevie Wonder wa mwaka 1976, nao ukafika namba moja kwenye chati ya Billboard mwezi Julai 1999. Ukipita leo mtaani na kumuuliza mtu juu ya muziki wa Wild Wild West, atakuimbia huo. Bernstein alikwisha kuyaona haya mwaka 1984. Aliandika muziki wa okestra wa Ghostbusters, akatumia ala ya umeme ya ondes Martenot yenye sauti ya kulia kama mzimu, na kinachokumbukwa na dunia ni wimbo wa Ray Parker Jr. Sisemi nyimbo hizo ni mbaya. Nasema studio zilijifunza kuuza filamu kwa wimbo wa redio, na okestra ikawekwa chumba cha nyuma, iwe mtunzi ni kijana wa jana au mtu aliyeteuliwa kuwania Oscar mara 14.

Tena lile dogo lililotoka lilikuwa fupi. Diski ya muziki wa okestra ilitolewa na kampuni ya Varèse Sarabande ikiwa na kama nusu saa tu. Mashabiki walinung'unika sana juu ya diski za nusu saa miaka ile, na wengi hawakujua chanzo chake. Chini ya mikataba ya wanamuziki wa Marekani, muziki uliorekodiwa kwa ajili ya filamu ukigeuzwa kuwa diski, wapigaji hulipwa tena. Okestra ya watu 80 au 90 ikilipwa upya, gharama inapanda haraka, na diski yenyewe huuzwa kwa watu wachache. Hivyo kampuni zilichagua dakika chache zilizo bora na kuishia hapo. Wapiga fidla walikuwa na haki ya malipo yao, na mashabiki walikuwa na haki ya kiu yao. Kumbukeni kwamba rekodi halisi ya The Magnificent Seven yenyewe ilikaa bila kutolewa hadi mwaka 1998. Miaka 38! Walioidai bila kuchoka ni hawahawa mashabiki ambao watu huwacheka kwa kuhesabu dakika.

Ndani ya Wild Wild West kuna mambo mawili ambayo sikio la haraka huyapita, na mashabiki ndio walionifanya niyasikilize. La kwanza ni lahani ya zamani ya televisheni. Tamthilia ile ilirushwa na CBS kuanzia 1965 hadi 1969. Kwanza Dimitri Tiomkin, mtunzi wa muziki wa filamu ya High Noon, aliombwa atunge wimbo wa ufunguzi. Alichotunga hakikukubaliwa, na kazi ikaenda kwa Richard Markowitz. Katika filamu ya 1999 lahani ya Markowitz inachomoza mara moja, na jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya waliohusika. Kwa mtu aliyekua na tamthilia ile, kuisikia ikipigwa na okestra kubwa kwa muda mfupi ule kulikuwa na furaha, na kukosekana kwa jina kulikuwa na uchungu. Nadhani uchungu huo ni wa haki kabisa.

La pili ni kwamba kazi hii ilikuwa ya familia. Peter, yule rafiki wa Landis, aliandika sehemu ya muziki. Emilie, binti wa Bernstein, alikuwa mmoja wa waliopanga ala za okestra. Kwa hiyo mtu anayesema hapa mzee amejirudia, huenda anamsikia mwana akizungumza lugha ya baba, au binti akiamua pembe ziingie wapi na fidla zinyamaze wapi. Ni lugha iliyokuwa inarithishwa, na ilikuwa inarithishwa ndani ya filamu iliyodharauliwa kuliko zote za mwaka. Elmer Bernstein alifariki Agosti 2004, uteuzi wake wa mwisho wa kuwania Oscar ukiwa wa filamu ya Far from Heaven, ya 2002.

Wengine wataniuliza kama okestra iliyo makini inaweza kweli kuokoa filamu ya namna hii. Inaweza kuokoa dakika kumi, na dakika kumi si haba. Mwaka 2013 Disney ilitoa The Lone Ranger, ya Gore Verbinski, nayo ikala hasara kubwa. Hans Zimmer alichukua nafasi ya Jack White, aliyekuwa ametangazwa kuwa mtunzi. Shujaa wa filamu hii alikuwa na muziki wake tangu kipindi chake cha redio kilipoanza Detroit mwaka 1933: sehemu ya mwisho ya ufunguzi wa opera ya Rossini, Guillaume Tell, iliyochezwa Paris mara ya kwanza mwaka 1829. Filamu inaubania muziki huo kwa muda mrefu. Kisha, mwishoni, treni mbili zinakimbizana, shujaa anamkimbiza farasi juu ya mabehewa, na Rossini anaachiwa. Mpangilio wa Geoff Zanelli unaichukua lahani, unaivunja, unaiweka juu ya mada za Zimmer, unaibadilisha rangi kila treni zinapopishana, na haukonyezi jicho hata mara moja. Wapo watu ambao hawaipendi filamu ile na wanairudia sehemu hiyo tena na tena. Mabishano juu yake nayo hayajaisha, kwamba sifa apewe nani kati ya Rossini, Zimmer na Zanelli. Mimi nampa Zanelli sehemu kubwa, kwa sababu lahani ya Rossini ilikuwa ya watu wote, lakini kuibeba karibu dakika kumi bila kuchosha ni kazi ya mpangaji.

Nimesema vya kutosha, na muziki huu haukuandikwa ili uelezwe. Fundi mitambo atatuwekea sasa vipande vitatu, bila picha: ufunguzi wa 1960, kisha ule wa ¡Three Amigos!, kisha wa Wild Wild West. Naomba msikilize nyuzi za chini, pale mdundo unapokaa. Baada ya hapo nitapokea maswali, na ningependa kuanza na wale ambao hawakubaliani nami kuhusu vionjo vya kisasa.